Betri Si Nabii

Betri ya pikipiki yangu ilikufa wakati wa baridi, na kabla sijaitafutia spana ya kuifungulia, dada yangu mkubwa alikuwa amekwisha kuitolea tafsiri. Alisema Mungu amejibu.

Sina budi kueleza jinsi Mungu alivyoingizwa katika habari za pikipiki. Majira ya majani kupukutika yaliyotangulia, nilianguka katika kona moja hapa ng'ambo tunakoishi, karibu na stesheni ya treni ya Stechford. Sikuwa na mwendo wa kusimulia. Mvua ilikuwa imenyesha, majani yalikuwa yamelala barabarani kama ngozi iliyopakwa mafuta, nami nilikuwa natoka zahanati kuelekea hospitali ya upande wa kwetu, Bordesley Green, ambako mama mmoja mjamzito alikuwa ananingoja. Mimi ni mkalimani. Hukaa kati ya daktari na mgonjwa, nikisema Kiswahili huku na Kiingereza kule, na siku nyingi huitwa pande mbili za jiji katika asubuhi moja. Basi la abiria hula asubuhi nzima. Pikipiki huila kidogo tu. Siku ile iliteleza ikanitupa ukingoni, nikavunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Pikipiki yenyewe ilipata mkwaruzo tu.

Dada yangu ni muuguzi katika wodi ya majeruhi. Alinijia akiwa bado na sare yake ya kazi, akanitazama mkono, akatazama karatasi za daktari kana kwamba ni za mwanafunzi aliyefeli, kisha akatoa hukumu.

"Baba hakukusomesha mpaka chuo kikuu ili uje uendeshe boda boda ng'ambo."

"Si boda boda, dada. Sibebi abiria."

"Ungekuwa umebeba abiria ningekuwa na majeruhi wawili."

Kwa wiki zote nilizokuwa na plasta, yeye ndiye aliyekuwa akija kutoka mtaani kwake, Acocks Green, kunisuka, kunipikia na kunifunga vifungo vya blauzi. Simlaumu kwa lolote katika hayo. Mtu akikufunga vifungo, hata hivyo, huanza kuamini kwamba amepewa na mamlaka ya kuamua utakwenda wapi ukiwa umevivaa.

Ushirika wetu ni wa familia za Kenya na za mashariki ya Kongo, na Watanzania wachache, tunaokodi ukumbi wa kanisa mchana wa Jumapili wenyewe wakiisha kutoka. Tuna mazuri mengi. Tuna pia desturi ya kuomba ishara. Mtu akitaka kuhama, kubadili kazi au kuchumbia, humwekea Mungu sharti dogo: jambo fulani likitokea, ni ndiyo, lisipotokea, ni hapana. Dada yangu ni bingwa wa desturi hiyo. Aliponunua nyumba yake aliomba kwamba, ikiwa ni yake kweli, siku ya kwenda kuiona mvua isinyeshe. Ikanyesha. Akatafakari, akaomba tena: basi siku ya kutia sahihi mvua inyeshe. Ilinyesha kwa uaminifu mkubwa, kama inavyonyesha katika jiji hili siku yoyote ile, na nyumba ikawa yake.

Jumamosi moja, mkono wangu ungali ndani ya plasta, akina mama wa ushirika walikuja kuniona. Walikuja kama ilivyo kwetu, na chupa za chai, na chapati zilizofungwa kwa taulo, na maharagwe ya nazi. Tulikula, tukacheka, na wakati wa kuondoka ulipofika, tukafunga kwa maombi. Dada alishika zamu. Aliwaombea wagonjwa, wasafiri na watoto wanaofanya mitihani, kisha, bila kubadili sauti, akasema: "Na chombo kile kilicho kibandani, Bwana, kama si mapenzi yako dada yetu akipande tena, baridi ikiisha kisiwake." Wote wakaitikia Amina.

Nami niliitikia. Nilikuwa na kipande cha chapati mdomoni, na kwetu hakuna anayeiacha sala ielee hewani bila kuitikiwa; ni kama kuacha mkono wa mgeni ukining'inia bila kupokewa. Amina ilinitoka kabla ya akili kufika.

Kila mwaka, baridi ikikaribia, huitoa betri na kuiweka kwenye rafu chini ya ngazi, na mara moja moja huipa umeme kidogo ili isisahau kazi yake. Mwaka ule sikuweza kushika spana. Mume wangu, ambaye hajui lolote kuhusu pikipiki ila bei ya bima yake, aliisukuma hadi kibandani na kuifunika kwa blanketi, akizichomeka pembe zake zote kwa upole kama anayemfunika mgonjwa. Betri aliiacha humo. King'ora cha kuzuia wezi kikakaa kikipepesa taa yake nyekundu gizani, usiku na mchana, na kila pepeso likinyonya tone. Mpaka mwezi wa tatu hakukuwa na la kunyonywa.

Siku ya kwanza iliyokuwa kavu nilivua blanketi nikaitoa pikipiki uani. Niliingiza ufunguo. Hakuna taa iliyowaka. Nilibonyeza stata, sikusikia hata ule mlio mdogo wa kusitasita. Dada yangu alikuwa jikoni akikata sukuma wiki, na ukimya ule aliusikia kupitia dirishani. Alitokea mlangoni na kisu mkononi.

"Haya," alisema.

Kwa dada yangu, haya moja yaweza kufunga kesi.

"Betri imekwisha, dada. Imekaa miezi bila kuguswa."

"Tuliomba nini?"

"Hata simu yako ukiiacha droo miezi yote hiyo haitawaka."

"Simu yangu sikuiombea." Akarudi kwenye mboga zake, na kutoka ndani nikamsikia akianza wimbo wa shukrani.

Jioni ile alinijulisha, kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema, kwamba amekwisha kupata mnunuzi, kijana wa Dodoma anayepeleka vyakula majumbani. Angeichukua Jumatatu ya juma lililofuata. Jumamosi kabla yake, akina mama wangekuja kutoa shukrani kwa maombi yaliyojibiwa. Kila kitu kilikuwa kimepangwa, isipokuwa mimi.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikajiuliza ni nini hasa nilichokuwa napigania. Mabasi yapo, ningechelewa, ningekataa kazi nyingine, maisha yangeendelea. Kazini, hata hivyo, siku nzima husema maneno ya wengine. Nikisema "naumwa", si mimi ninayeumwa. Nikisema "umepona", si mimi niliyetibu. Kati ya mlango mmoja na mwingine, nikiwa peke yangu ndani ya helmeti, naishika klachi kwa mkono wangu na kuamua mwenyewe nipinde kulia au kushoto. Nilijifunza kuendesha nikiwa nimepita arobaini, katika darasa la vijana walioniita "mama" kwa adabu na kunicheka kisogoni, nikaupita mtihani ambao baadhi yao waliurudia. Sikuwa tayari kuuachia ule muda mfupi kwa sababu ya chapati.

Nilifungua betri. Asubuhi iliyofuata sikuiona nilipoiacha. Niliikuta ukumbini, juu ya kipasha joto cha ukutani, imeketishwa kwenye gazeti lililokunjwa, mfano wa chapati inayotunzwa isipoe.

"Nani ameiweka hapa?"

Mume wangu alikuwa anavaa viatu vya kazini kwa umakini usio wa kawaida.

"Nilitaka ipate joto kidogo," alisema. "Kwetu Kitui, betri za redio ya baba zikichoka tulizianika juu ya mabati. Jioni alisikiliza taarifa ya habari."

"Zile ni betri kavu. Hii ina asidi ndani. Ukiipasha hivi itafura, au itupasukie."

"Sasa ningeianika wapi? Hapa jua ni la kuazima."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta, na niliiondoa haraka. Baadaye nilitambua kwamba alikuwa hajasema neno hata moja katika ugomvi wetu na dada. Mtu anayepasha betri joto kwa siri, alfajiri, kabla ya kwenda kazini, amekwisha kupiga kura yake.

Niliiunganisha na chaja. Chaja za siku hizi hujiona zina akili: zikikuta betri iliyoshuka mno, hukataa kuitambua. Taa nyekundu iliwaka, ikamaanisha kwamba hapa hapakuunganishwa kitu. Niliijua tabia ile. Nimekaa ofisini mara nyingi kando ya mtu aliyevuka nchi tatu kwa miguu, tukiambiwa na karani mpole kwamba hayumo kwenye kompyuta. Yumo kitini, lakini kwenye kompyuta hayumo. Niliichomoa, nikaiunganisha tena, nikaiacha mchana kutwa. Taa haikubadilika. Betri ilikuwa imekufa kweli, na hapo dada yangu alikuwa sahihi.

Lakini kifo cha betri si msiba. Ijumaa, nikitoka kazini kwa basi, nilipitia dukani Stechford nikaikabidhi ile ya zamani wakaitupe inakostahili, nikanunua mpya. Nilirudi nimeipakata mapajani, nzito na tulivu kama mtoto aliyeshiba. Usiku kucha chaja ilikaa nayo bila kinyongo chochote, na asubuhi taa ilikuwa ya kijani.

Jumamosi wakaja. Dada hakubisha hodi mbele. Alizunguka kwa njia ya nyuma ya nyumba, kama afanyavyo daima, na nyuma yake walikuwa wageni wawili. Mmoja ni katibu wa akina mama, Mkenya mwenzetu, mwanamke wa taratibu. Mwingine ni mama wa Kikongo kutoka Uvira, jirani yetu wa mtaa wa pili. Walinikuta nimepiga magoti uani, nimevaa ovaroli, mikono myeusi, ninakaza waya kwenye kichwa cha kwanza cha betri.

"Hiyo nini?" dada aliuliza.

"Betri."

"Si ilikufa?"

"Ilikufa. Hii ni nyingine."

Katibu aliishusha chupa ya chai chini polepole. "Lakini dada yangu, hiyo si kumzunguka Mungu?"

"Mama katibu, Mungu anajua duka la betri liko wapi. Ameliona kabla yangu."

Mama wa Uvira alipasuka kicheko, akajifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. "Weye! Utatuchekesha mbele ya maombi."

"Uliitikia Amina," dada alisema. Hakuwa anacheka. "Wote tulisikia."

"Niliitikia na chapati mdomoni. Na chapati ilikuwa yako."

"Amina ni Amina."

"Nyumba yako uliiombea mvua isinyeshe, ikanyesha. Ukaomba inyeshe. Mara ya pili Mungu hakuzungukwa?"

"Usilete nyumba yangu hapa."

"Naileta kwa sababu naipenda. Kila Krismasi tunalala humo. Ungeifuata ishara ya kwanza, tungelala wapi?"

Katibu alitazama angani, kana kwamba mvua ile ingeweza kurudi kutoa ushahidi. Nilidhani nimeshinda. Ndipo mama wa Uvira, ambaye alikuwa ameinama akiitazama betri kwa karibu, aliposema taratibu, bila kumlenga yeyote:

"Batri ikikufa, tunaweka ingine. Mutu akikufa, hakuna ingine ku duka."

Neno lile lilikwenda moja kwa moja upande wa dada yangu. Nilimwona akilipokea. Mikono yake, ambayo sijawahi kuiona bila kazi, ilining'inia.

"Unajua helmeti huvuliwaje?" aliniuliza.

Niliiweka spana chini.

"Watu wawili. Mmoja anashika shingo, mwingine anaivuta, polepole, isije ikatikisa kitu. Mimi ndiye mwenye kuivuta. Nimeifanya miaka mingi, mikono yangu imeizoea. Lakini tangu ununue hicho chombo, kabla uso haujatokea, mimi hufumba macho. Kidogo tu, hakuna anayeona. Wakisema ni mwanamke, huwa siwezi kuuliza ana umri gani."

Jirani mmoja alikuwa akipiga msumari mahali fulani. Tulimsikia akipiga, akiacha, akipiga tena.

Mimi najua watu wanapoogopa kusema kwa sauti yao. Naishi kwa kuwasikiliza. Mgonjwa husema "dada yangu ana swali", na swali ni lake. Mume husema "mke wangu ana wasiwasi", na ni yeye asiyelala. Kanuni ya kwanza ya kazi yangu ni kutoongeza wala kupunguza, lakini sikio hujifunza kusikia kilichofichwa nyuma ya msemaji mwingine. Na mwanamke huyu aliyenilea nusu ya utoto wangu, aliyenishika mkono kuteremka vilima vya Taita kwenda shule, alikuwa amekaa majira yote ya baridi mbele yangu akisema kupitia msemaji mkubwa kuliko wote, nami sikusikia.

"Kwa nini hukuniambia hivyo?" nilisema. "Kwa nini ulimtuma Mungu akusemee?"

"Ungenisikia?"

"Sijui. Lakini ungekuwa ni wewe uliyesema."

Aliushika usukani wa pikipiki. "Basi nasema. Naogopa."

"Nimesikia, dada."

"Na utapanda?"

Ningeweza kumwambia nitafikiria. Ndivyo tunavyokataa kwa adabu kwetu: nitafikiria, nitaona, Mungu akipenda. Ningeweza hata kumpa ushindi ule Jumamosi na kuuchukua tena kimyakimya katikati ya juma. Lakini alikuwa amenipa neno lake mwenyewe, bila kulifunika, na nilikuwa na deni la kumpa langu la namna hiyo hiyo.

"Nitapanda."

Nilikaza waya wa pili. Nilirudisha kiti mahali pake, nikaingiza ufunguo, na taa zikawaka, ya kijani na ya njano. Nilivuta choki. Nilibonyeza stata. Injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikatema moshi wa baridi nzima, kisha ikashika na kunguruma mpaka vioo vya jikoni vikatetemeka.

"Bwana asifiwe!" katibu alipaza sauti, mikono juu. "Imewaka! Basi Mungu amekubali! Hiyo ndiyo ishara!"

"Hapana, mama," nilisema, na ilinibidi nipaze sauti kuishinda injini. "Si ishara. Ni betri."

Mikono yake ilibaki juu kwa muda, haijui ielekee wapi. Sikukusudia kumfedhehesha, ni mwema, na alikuwa akinitafutia mlango wa kutokea wenye heshima. Lakini mlango ule niliukataa, na naukataa hata leo. Ningekubali kwamba Mungu alisema ndiyo pikipiki ilipowaka, ningelazimika kukubali kwamba alisema hapana ilipokataa kuwaka, na kila mwaka, mwezi wa tatu ukifika, ningesimama uani kama mshtakiwa nikingoja kisanduku cha madini ya risasi na asidi kinihukumu. Namwomba Mungu kila siku. Namwomba anilinde barabarani na ayafumbue macho ya wenye malori. Sijamwomba aniamulie, kwa sababu amekwisha kunipa kitu cha kuamulia.

"Na nikianguka," niliwaambia, "msije mkasema nilionywa. Semeni nilikuwa naendesha pikipiki."

"Usitaje hayo," katibu alisema.

"Acha ataje," dada alisema. "Ni kweli."

Dada mwenyewe alimpigia simu yule mnunuzi wa Dodoma, pale pale, akamwambia mwenye mali ni mkaidi na atafute kwingine. Kisha aliingia ndani. Nilidhani amekasirika. Alirudi na helmeti yangu, aliyokuwa ameitoa kwenye kabati la ukumbini, akasimama mbele yangu akaigeuza mikononi, akaikagua ndani na nje, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo wa kona ile.

"Hii iligonga chini."

"Iligonga."

"Ikigonga chini mara moja haifai tena. Hata kama haionyeshi. Utanunua nyingine."

"Nitanunua."

"Kabla ya Jumatatu."

"Kabla ya Jumatatu. Ile ya zamani ipo chini ya ngazi, dada, haijawahi kugonga. Leo nitavaa hiyo."

Aliifuata mwenyewe. Sikumbuki lini mara ya mwisho mtu alinivika kitu kichwani. Aliishusha taratibu kwa mikono miwili, njia ile ile ya kazini kwake lakini kinyume, akaniinua kidevu, akafunga mkanda na kuingiza vidole viwili chini yake kupima. Akaukaza tena mpaka nikakohoa.

"Ikilegea haina maana," alisema. "Nenda. Rudi kabla chai haijapoa."

Mama wa Uvira alinifungulia geti. "Enda, mama," alisema, na akaupiga mgongo wangu kofi moja la nguvu, kama apigwavyo mtu anayepelekwa uwanjani.

Nilishika njia ya Stechford. Mkono wa kushoto ulilalamika kwenye klachi, nikauacha ulalamike. Nilipofika ile kona karibu na stesheni, barabara ilikuwa kavu na weupe wa chumvi inayomwagwa wakati wa baridi kuyeyusha barafu ulikuwa ungali ukingoni. Niliipita polepole. Mbele kidogo niligeuza, nikarudi, nikaipita tena, safari hii kwa mwendo ambao kona ile inastahili.

Nilipofika nyumbani dada yangu alikuwa amesimama getini, ameipa barabara mgongo, anajifanya anasoma tangazo la takataka lililobandikwa ukutani. Hakugeuka mpaka nilipozima injini. Chai ilikuwa imepoa. Niliinywa hivyo hivyo, nimesimama, na hakuna aliyetaja kuipasha.